Sare Zisizo Sare

Jumatatu, 2 Agosti 2021
Mzee Wen nimemwogesha, nimemkata kucha, uji wa mchele kaumaliza. Ana miaka themanini na mbili na mikono inamtetemeka, kwa hiyo mimi ndiye ninayemwandikia majina nyuma ya picha zake za zamani. Leo picha ya wanajeshi sita wa kwao China, kaka yake yumo. Nilidhani ni wa majeshi matatu. Kacheka. Jeshi moja. Kitambaa kilitiwa rangi popote kikosi kilipokuwa: huku kijivu, kule njano ya udongo. Huyu mifuko miwili, yule minne. Kaka yake amevaa koti lililotekwa kwa adui, beji imebanduliwa. Nasi tunaziita sare! Timu zikilingana mabao tunasema zimetoka sare. Hawa hawakulingana hata vifungo.

Redio ya kwenye basi: wanajeshi wataanza kupita nyumba kwa nyumba huku kwetu Liverpool, hii ya kusini mwa dunia, si ile ya mpira. Nimeshuka kituo kisicho changu.

Alhamisi, 5 Agosti
Mwenzangu tunayepokezana zamu kwa Mzee Wen ana korona. Mzee kapimwa, hana, namshukuru Mungu. Mimi na binti yangu Neema tumefungiwa ndani siku kumi na nne. Wanajeshi na polisi watapita kuhakikisha tupo.

Watapita. Siwezi kuandika zaidi.

Jumamosi, 7 Agosti
Wamekuja saa nne asubuhi. Niliona nguo za mabakabaka kupitia pazia. Nikamvuta Neema bafuni, nikafunga mlango, nikamziba mdomo. Mtoto wa miaka tisa, kazaliwa hapa. Walibisha, wakaita jina langu, wakaenda. Neema aliniuliza kwa Kiingereza nimefanya kosa gani.

Kule Uvira nilikokulia, wakati wa vita, mabakabaka walivaa wote, wa serikali na wa msituni. Mama alitufundisha: usitazame koti, tazama miguu. Ukiona gambuti, viatu vya mpira vya watu wa msituni, kimbia. Leo sikutazama hata miguu. Aibu.

Baadaye polisi wamepiga simu. Watarudi Jumatatu. Wakinikosa tena wataandika kwamba nimevunja karantini, na kazi ya kutunza wazee itakuwa basi.

Jumapili, 8 Agosti
Mzee Wen kapiga simu kuuliza hali. Nikamwambia yote. Sijawahi kumwambia mtu.

Naye kanieleza ya kwao. Alikuwa na miaka tisa. Mwanajeshi alibisha kwao, mama yao akachungulia ufa wa mlango, akaona koti la jeshi lililowachomea ghala. Akawaficha watoto, hakufungua. Yule alibisha mara tatu bila kusema neno, labda aliogopa majirani. Akaondoka. Walipotoka, kwenye tope mlangoni kulikuwa na alama za nyayo. Soli za kitambaa, mishono midogo ya mshazari. Mama aliijua mishono ile. Viatu alivishona mwenyewe, akampa mwanawe siku anaondoka. Kaka hakurudi tena. Ile picha ililetwa na mtu baadaye.

Naogopa kufungua. Sasa naogopa na kutofungua.

Jumatatu, 9 Agosti
Saa tano kasoro. Mabakabaka dirishani. Nikashika ukuta. Nilifungua mlango, macho chini.

Buti. Zimepigwa rangi vizuri, ila kamba ya kulia nyeusi, ya kushoto kahawia. Nikainua macho. Kijana wa kike, barakoa imempanda mpaka machoni, kabeba sanduku la mkate na maharage. Polisi aliyekuja naye aliweka alama kwenye karatasi yake. Dakika mbili, wakaenda.

Nilikaa sakafuni nikalia. Neema alikuja akakaa nami, tukala mkate mkavu hapo hapo.

Jioni nilimpigia Mzee Wen. Kwanza aliuliza viatu. Nikamwambia habari ya kamba. Halafu akauliza walibisha mara ngapi kabla sijafungua.

Mara moja, nikamwambia.

Akasema vizuri, na kwamba yule waliyemleta badala yetu hajui kupika uji.