Dimbwi la Guntur

Tooting, London, Novemba 1998

Bibi mpenzi, shikamoo.

Leo kuna ukungu, nami nakuandikia dukani kwa Bwana Rao, Mhindi aliyekulia Dar es Salaam. Nilipoona gunia la pilipili za Guntur, mji wa mama yake, nilimweleza kwa fahari kuwa jina hilo lina asili ya Kisanskriti, Gartapuri, kama nilivyoandika katika tasnifu yangu.

Akacheka. "Hilo ni joho la sikukuu, mwanangu. Mama alisema gunta, yaani dimbwi kwa Kitelugu. Humo alifua nguo."

Tasnifu nitaiwasilisha Jumatatu, na sura hiyo naiandika upya. Nawe uliponiambia kuwa kijiji chetu kilipewa jina la kisima chake, nilikusahihisha, nikadai kuwa linatokana na Kiarabu cha vitabuni. Niwie radhi, Bibi. Nikirudi, nipeleke kisimani.

Mungu akupunguzie maumivu ya magoti.

Mjukuu wako,
Zuhura