Ukucha Usionasa Uzi

Jumatatu, 11 Novemba
Kulima kunaendelea. Maksai wawili, nira, plau. Miaka yote mke wangu Marselina alitangulia mbele akiwaita maksai, nami nikishika plau nyuma. Tangu tulipomzika mwezi Agosti, nafanya yote mawili. Leo maksai mweusi alirusha kichwa wakati nafunga mnyororo. Kidole gumba changu cha kushoto kikabanwa kwenye nira. Nilimwita Marselina kwa jina. Hakuna aliyeitika.

Jumanne, 12 Novemba
Zahanati. Ukucha wote mweusi, unapwita. Muuguzi ni binti mdogo, lakini shikamoo yake ilikuwa kamili. Alitoboa ukucha, damu iliyofungiwa ikatoka, maumivu yakapungua. Mfupa ni mzima. Sindano ya pepopunda. Niuoshe kwa maji safi na sabuni, nipake mafuta ya mgando, nifunge bila kukaza.
"Na usiung'oe, baba, hata ukilegea; kata tu ncha itakayoinuka. Huo ndio kifuniko cha ule mpya. Ukijeruhi nyama ya chini, ukucha mpya utaota umepasuka, na hautaungana tena."
Niliitikia kwa adabu. Ukucha wa namna hiyo naufahamu.

Jumamosi, 16 Novemba
Inanipasa kueleza. Zamani kidole gumba cha Marselina kilipondwa na jiwe la kusagia. Aliung'oa ukucha kwa meno, akarudi kulima. "Shamba halisubiri ukucha," alisema. Ukaota vipande viwili, ufa katikati. Kila Jumapili, aliponinyooshea ukosi kabla ya misa, ufa ule ulinasa uzi wa sweta langu la kijivu.
"Baba Neema, nimekukamata tena."
Nyuzi alizozivuta zingali zimechomoza shingoni mwa sweta. Sijalivaa tangu mazishi.

Jumapili, 1 Desemba
Dada yangu mkubwa, Yuditha, amefika kutoka Masakta kunisaidia kupalilia. Alikitazama kidole changu kilichofungwa.
"We Gabrieli, unakiatamia kama kuku! Kitaangua lini?"
Nilicheka. Mara ya kwanza tangu Agosti.
Alasiri nilimkuta na sweta mapajani, mkasi mkononi. Alikusudia kukata zile nyuzi ili lipendeze. Nilimnyang'anya. Nilimfokea dada aliyenibeba mgongoni. Alitoka, akakaa kwenye banda la mbuzi hadi jioni.
Nimeona haya. Lakini nyuzi zipo.

Ijumaa, 6 Desemba
Ukucha umelegea. Umeshikilia upande mmoja tu. Niliushika kwa vidole viwili nikitaka kuuvuta. Sababu niliijua, nami naiandika bila kuficha: nilitaka uote kama wake. Nilitaka uwe wa kunasa uzi.
Nimewaandikia majirani maombi mengi ya kupeleka ofisi ya kijiji. Ya kisima, ya mpaka, ya njia ya ng'ombe. Kila ombi lilikuwa na haki ndani yake. Hili langu nimelipima, sikuiona haki.
Kwa maana nilikumbuka jinsi alivyokikunja kidole kile ndani ya kiganja mbele ya wageni. Asubuhi za baridi kilimuuma hata akashindwa kufunga vifungo vya gauni, nikamfungia mimi. Kilema nilichokuwa nakiomba, yeye angekitoa kwa furaha siku yoyote.
Nikakata ncha iliyoinuka tu, kama nilivyoelekezwa. Nikapaka mafuta. Nikafunga kitambaa. Kisha nikakaa tu.

Alhamisi, 2 Januari
Ukucha umetoka wenyewe nikinawa. Chini yake umekwisha kuanza mpya, mwembamba kama ganda la kitunguu.
Nimemwomba dada radhi, rasmi, nikiwa nimesimama.
"Kaa chini ule," akasema.

Ijumaa, 14 Machi
Ukucha mpya umefika nusu. Una mfereji mdogo. Muuguzi asema huenda ukasawazika kadiri unavyokua. Dada amerudi Masakta. Mvua kutwa. Nyumba ni kubwa mno.

Jumapili, 18 Mei
Ukucha umefika nchani. Laini. Hauna ufa.
Asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi kali, nikavaa sweta la kijivu. Nilijinyooshea ukosi mwenyewe. Kidole kilipita juu ya nyuzi za Marselina, uzi mmoja baada ya mwingine. Hakikunasa.
Nikafunga mlango, nikaenda misa.