Namba ya Kidole Gumba

Mdogo wangu wa pekee,

Marahaba. Shikamoo yako ya barua iliyopita niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaiitikia kwa sauti mpaka jirani akadhani nina mgeni. Hujambo lakini? Kifua kimekuachia? Na hicho chumba kipya, kina dirisha? Maana nakujua, ukikosa hewa unamnunia hata asiyekukosea. Sisi huku ni wazima wa kutembea. Kibonge wako anakula, analala, anavunja vikombe. Ulimwacha hajui hata kukaa; sasa anakimbia, na meno ya kuniuma anayo.

Usiucheke mwandiko wangu. Naandika mistari miwili, naweka kalamu chini, napumzika, naandika tena. Sababu utaijua, ila nakuomba usome kwa mpangilio, usikimbilie mwisho kama ilivyo tabia yako.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinitania kwamba kazi yangu hospitalini ni kuwabandika wagonjwa namba kama mabasi? Ndiyo hiyohiyo. Daktari akishaandika ugonjwa, faili linakuja chumbani kwetu, nasi tunaupa ugonjwa namba yake ili watu wa bima waelewe na walipe. Tunaweka kilichoandikwa na daktari, si tunachokijua sisi. Na hakuna anayegusa faili lake mwenyewe wala la ndugu yake. Mganga hajigangi.

Basi ipo namba moja niliyoizoea, M sitini na tano nukta nne. Ni ya kano za kidole gumba zikivimba pale kwenye kifundo cha mkono, zikakosa pa kupita. Nimeiandika kwenye mafaili ya washonaji, wasusi, mafundi rangi, na hasa kina mama wenye watoto wadogo, kwa ajili ya kule kumnyanyua mtoto kwa makwapa kutwa nzima. Nilikuwa naiandika huku nawaza chakula cha mchana. Kumbe inauma hivi!

Yangu ilianza kidogokidogo. Rafu zetu zimeshindiliwa mafaili mpaka kulitoa moja ni kulibana kwa kidole gumba na kulivuta kama unang'oa jino. Jioni nikirudi, Kibonge yuko mlangoni kwa jirani, mikono juu, anataka kubebwa, na hataki abebwe na mwingine. Nikambeba. Nikambeba hata mkono ulipoanza kulia kama bawaba kavu. Nikawa nachua kwa dawa, nafunga kitambaa, kazini navaa nguo za mikono mirefu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na kikombe cha chai, kilichoniponyoka mbele ya msimamizi kikamwagikia mafaili ya wodi nzima. Akaniamuru niende kwa daktari wa mifupa siku ileile.

Yule daktari ni mtu wa maneno machache. Aliniambia nikunje kidole gumba ndani ya ngumi, kisha akauinamisha mkono upande wa kidole cha mwisho. Nilipiga kelele mpaka nikajionea haya. Akasema nimechelewa, sindano haitoshi tena, nitapasuliwa, na baada ya hapo nisinyanyue kitu kizito kwa muda mrefu. Halafu akataka kujua chanzo, kwa kuwa chanzo nacho kina namba yake. Kikiwa ni kazi, hospitali inagharamia upasuaji na kunishikia nafasi yangu mpaka nipone. Kikiwa cha nyumbani, nitajijua mwenyewe. Akaniuliza kama nina mtoto mdogo.

Mdogo wangu, nilimjibu kwamba sina mtoto.

Utasema si uongo. Sijazaa, na ni wewe uliyenifuta machozi mume wangu alipoondoka kwa sababu hiyo. Lakini Kibonge alikuwa nje kwenye benchi na jirani aliyekuja naye kunichukua, mlango umefungwa, analia akiniita mama. Daktari akautazama mlango, akanitazama mimi, akaandika kwamba chanzo ni kazi.

Faili likaangukia kwa Mzee Miwani, mwenzangu wa meza ya pili. Yeye anamjua Kibonge vizuri. Viatu vyake vya kwanza alimnunulia yeye. Alisoma, akavua miwani, akaifuta weee, kisha akaweka namba zote mbili kama zilivyotakiwa. Alisema tu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo nitafute wa kunisaidia nyumbani. Nilicheka, nikaenda chooni, nikalia.

Sasa nakuja kwenye swali lako. Umeuliza uje umchukue mwanao, au umwache kwangu mpaka aanze shule. Jibu nilikuwa nalo tangu zamani: mwache. Nilikuwa nimelipamba kwa visingizio, eti safari ni ndefu, eti huko hakuna wa kumwangalia. Ukweli ni kwamba nilitaka awe wangu. Nakwambia waziwazi, nisibaki nao moyoni.

Lakini njoo umchukue. Sijapasuliwa bado, na mkono wa kushoto nao umeanza. Juzi nilimnyanyua, kidole kikakataa, akaniteleza mpaka sakafuni. Hakuumia, ila tulilia sote wawili. Kilichonimaliza ni cha baada ya hapo. Nikirudi kutoka kazini anakuja mlangoni kama kawaida, anasimama mbele yangu, mikono ameiweka nyuma. Hainyooshi tena. Anautazama mkono wangu uliofungwa, kisha ananishika sketi, tunaingia ndani.

Nakuomba uje kabla hajazoea. Jirani anakusalimu sana, na Mzee Miwani naye anasema hujambo. Wasalimie wenzako wote huko kazini. Ukifika, salamu zangu zisubiri. Mnyanyue yeye kwanza, juu kabisa, nami nikiwa natazama.

Ni mimi dada yako,
Mama Kibonge, kama bado unaniruhusu kuitwa hivyo.