Niliwaambia Wakwe Mama Yangu ni Mpishi

Bi Mshauri, salamu nyingi kutoka Garissa, na baada ya salamu ninakuja kwako nikiwa nimejitia shimoni kwa mdomo wangu mwenyewe, unitoe. Majina yote nimeyabadilisha, maana gazeti lako likifika huku kwa lori, nakala moja husomwa na mji mzima na mwisho hufungiwa sukari.

Niite Alio, karani katika ofisi ya serikali. Baba alifariki nikiwa mdogo, na ukame wa mwaka uliofuata ukamaliza ngamia wetu wote, na mama yangu Muslimo, badala ya kwenda kukaa kwa kaka yake kijijini Hadado akingoja kulishwa, alishuka hapa mto Tana akajifunza kulima kwa Wapokomo, mahindi, ndizi na matikiti, na kwa jembe hilo akanipeleka skuli ya pwani mpaka nikawa huyu anayekuandikia. Lakini kwetu watu wa ngamia jembe ni aibu, mtu akilishika husemwa amekwisha, na mimi utotoni nikienda sokoni na mama wenzangu walikuwa wakinipigia kelele, “Mla udongo!” na kelele hiyo, Bi Mshauri, haijanitoka masikioni hata leo nina suruali iliyopigwa pasi.

Sasa nimeposa binti wa Wajir, Zamzam, mtoto wa Mzee Warfa, mwenye duka na mifugo isiyohesabika, na Zamzam mwenyewe nampenda mpaka najikwaa njiani. Mzee Warfa aliponiuliza habari za kwetu nilimwambia mama yangu yuko mbali, anachunga ngamia wake. Nilidhani maneno yataishia hapo, kumbe akaniletea habari kwamba anakuja Garissa na mdogo wake, Mzee Duale, mjane mwenye watoto wakubwa, waione nyumba ambayo binti yao ataingia. Nikamwomba mama akakae kwa jirani siku tatu. Akaniangalia, akasema, “Sawa,” na sikuipenda sawa ile.

Wageni hawajamaliza chai ya kwanza, mama huyo mlangoni, tope mpaka magotini, kapu la matikiti kichwani, maana aliona si adabu wageni wa mwanawe wakose tunda. Mzee Warfa akauliza, “Huyu nani?” nami ulimi ukanitoka kabla sijaushika, nikasema, “Huyu ni mama anayelima huko mtoni, hunipikia pia.”

Mama hakunitazama. Alitua kapu, akawakaribisha wageni, akakata tikiti, kipande kikubwa akampa Mzee Warfa, kidogo akanipa mimi.

Basi Mzee Duale alikuwa akilalamika kwamba ngamia wake mmoja amezaa lakini amekataa kukamuliwa, anapiga mateke kila mtu. Mama akamuuliza, “Nani anamkamua?” Akajibu, “Mchungaji mpya, yule wa zamani nilimfukuza.” Mama akasema, “Basi ngamia hana kosa. Mrudishe yule wa zamani, umwombe radhi, kisha utakunywa maziwa.” Mzee Duale akatoa macho. “Mwanamke wa jembe, umejuaje mambo ya ngamia?” Mama akamjibu, “Kwani jembe nilizaliwa nalo mkononi?” na mzee yule akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikabaki natazama mkeka.

Siku ya pili Mzee Duale akasema anakwenda kutazama mto. Siku ya tatu akaenda tena kutazama mto, kana kwamba ulihama usiku, na akarudi viatu vimejaa tope na malengelenge viganjani, mtu ambaye Wajir nzima humsimamia akipita. Jioni akaniita pembeni, akasema, “Adeer,” neno ambalo kwetu baba mdogo na mwana huitana, “mimi ni baba yako mdogo sasa, nikwambie bila kuzunguka. Yule mama wa shamba nataka kumuoa. Ndugu zake ni akina nani, niende kwao?”

Chai ilinipalia. Nikamwambia, “Lakini adeer, ni mtu wa jembe, Mzee Warfa atasemaje?”

Akanijibu, “Kwani anaoa Warfa?” Kisha akasema, “Nimekula na matajiri miaka mingi, tunaangaliana tu nani ana kilemba kizuri. Na huyu nimecheka siku tatu. Kama hana kitu, mimi ninacho. Kama hana watu, nitakuwa mtu wake.”

Nilikimbia mtoni. Hooyo, yaani mama, aliposikia alicheka mpaka akakaa chini katikati ya mahindi, akasema, “Mwambie kaka yangu yuko Hadado, na mtoto ninaye mmoja, karani, ila tangu wageni waje sijamwona.” Kisha akafuta macho na hakuwa anacheka tena. Akasema, “Niliumia, Alio. Na mimi sisemi kitu. Fundo umelifunga wewe.” Nikamuuliza kama anamtaka Mzee Duale. Akajifunika uso kwa shuka, akaniambia, “Nenda ofisini, utachelewa,” na ilikuwa Jumapili.

Wamesharudi Wajir. Mzee Duale alipouliza tena nilimwambia nitamtafutia habari, na lori likija mwezi ujao atakuwemo. Nikisema ukweli Mzee Warfa ataninyima Zamzam, nikinyamaza nitamwibia mama yangu furaha iliyomfuata yenyewe mpaka shambani. Nisaidie, Bi Mshauri, silali na chakula hakishuki.

Mimi mwenye haya, Garissa.

JIBU

Karani Alio, kama chakula hakishuki ni vizuri, kaa na njaa kidogo, huenda ikakukumbusha nani alikushibisha.

Umeandika mwandiko mzuri sana kumkana mwanamke aliyekusomesha mpaka ukajua kuandika. Mzee wa Wajir amekaa na mama yako siku tatu, anamdhani maskini asiye na kwao, na hakuona haya kutaka kumwita mke. Wewe umekaa naye maisha yako yote ukashindwa kumwita mama mbele ya kikombe cha chai. Hebu soma sentensi hiyo mara mbili.

Haya, nimekwisha kukukaripia, sasa njoo karibu. Hofu yako naijua. Mimi ni binti wa hamali wa bandarini, na skuli niliwaambia wenzangu baba ni karani wa forodha. Siku moja alipita na gunia mgongoni akaniona nao, akageuza uso ili asiniaibishe. Alikufa sijamwambia nisamehe. Wewe wako yu hai, tena yu hai na anachekacheka katika mahindi, kwa hiyo huna udhuru hata mmoja.

Usingoje lori la mwezi ujao. Kwanza piga magoti kwa mama yako, si mlangoni, huko huko shambani wanakopita watu. Kisha omba ruhusa kazini, pitia Hadado umchukue mjomba wako, maana ukienda peke yako utatafuta maneno matamu, na mjomba atakuzuia. Wajir, zungumza na Mzee Warfa kwanza, kwani yeye ndiye uliyemdanganya, na Mzee Duale naye awepo asikie hapo hapo. Usisingizie ujana, wala wenzako wa utotoni. Sema, “Yule ni mama yangu, niliona haya, nimekosa,” kisha funga mdomo. Ukinyimwa mke, umenyimwa kwa haki. Na habari ya posa ya Mzee Duale usiijibu wewe. Mwanamke aliyelima peke yake miaka yote hiyo anajua kusema ndiyo na anajua kusema hapana.

Ondoka kabla wiki haijaisha.

*

Wasomaji wangu, jibu hilo nililituma kwanza kwa posta kwa sababu ya haraka ya mambo. Sasa karani ameniruhusu kulichapa, na ameongeza maneno haya:

Bi Mshauri, nilikwenda. Mjomba hakunisemesha njia nzima, ila tulipofika akasema, “Nyoosha mgongo.” Niliposema, Mzee Warfa aliinuka akatoka, tukakaa muda mrefu tukisikia anatembea uani. Aliporudi akasema, “Jembe lisingenifanya nikukatae. Uongo ndio unaonitia shaka.” Zamzam naye akaleta neno kwamba anayemkana mama leo atamkana mke kesho, kwa hiyo nikae kwanza niive. Niliiva miezi saba, Bi Mshauri, na kila likizo nilishinda shambani, na watu wa ofisini walipita wakaniona na nikawaamkia.

Mzee Duale yeye alipojua, alipiga paja akasema, “Alhamdulillahi, kumbe shemeji wa kuombwa nimeletewa mpaka nyumbani!” na papo hapo akamgeukia mjomba wangu. Mama alitoa sharti moja tu, kwamba hauachi mto. Basi Mzee Duale akahamia yeye. Sasa Mzee Warfa kila lori likienda Wajir huagiza matikiti, na husema ni ya wageni.

Harusi yangu ilikuwa wiki iliyopita, hapa hapa mtoni. Wanawake wa Wajir waliuliza mama wa bwana harusi ni yupi, nami nikasimama mbele ya watu wote nikasema kwa sauti, “Mama yangu ni yule pale, anaitwa Muslimo, na shamba mnaloliona ukingoni ni lake, na mimi ni mtoto wa jembe lile,” na bado nilikuwa na mengi ya kusema, lakini mama akanikata.

“Kaa chini, Alio,” akasema. “Watu wana njaa.”