Mashavu ya Bibi Ukumbini

Dar es Salaam, Jumapili

Dada yangu Mama Somoe,

Shikamoo. Najua umeiitikia kwa kununa, lakini umeitikia. Mimi mzima, ila nina hasira hadi chakula hakipiti. Magoti ya shemeji yanaendeleaje? Na mikorosho imeshapuliziwa dawa?

Barua yako nimeipata. Umeandika kwamba watu wa Makote walikuja kumposa Somoe, wakakaa mkekani tangu asubuhi hadi alasiri, wakaondoka bila jibu kwa kuwa mjomba mtu hakuwepo. Na kwamba wakirudi, utamkalisha binamu Athumani mahali pangu. Nimestahili. Lakini sikia kwanza nilikuwa wapi, maana hasira yangu imeizidi yako.

Unajua tangu shirika letu liuzwe, mimi mpiga taipu nimegeuka mtengenezaji wa tovuti, zile kurasa ambazo watu wanazisoma kwenye kompyuta. Bosi wangu akasema kuna kongamano la watu wa kazi yetu, siku tatu, hotelini, na asiyehudhuria ataachwa nyuma. Mtu mwenye mvi kama mimi ukimwambia ataachwa, anakimbia hata bila kuuliza wenzake wanakwenda wapi. Nikawaacha watu wa Makote, nikaenda.

Siku ya kwanza wageni rasmi walituhutubia. Siku ya pili tukaelezwa intaneti ni nini, sisi tunaokula kwa hiyo intaneti, na kompyuta ukumbini ilikuwa moja tu, ya mtoa mada. Tukagawiwa fulana na mikoba. Nikasinzia. Mama mmoja wa Morogoro aliyekaa karibu yangu anasema nilikoroma.

Siku ya tatu mtoa mada, kijana mwenye tai, akasema atatuonyesha kazi ya mikono yake. Ukurasa ukaanza kufunguka ukutani polepole, mstari kwa mstari, naye anajisifu. Dada, pembeni mwa ule ukurasa nikaziona chale za bibi. Zile za mashavuni, alizokuwa akituacha tuzifuate kwa kidole. Nilizichora mwenyewe kupamba kurasa za mteja wetu. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza mistari ile ni ya nini.

"Hayo ni mapambo ya Kimasai, mzee."

"Hayo ni mashavu ya bibi yangu wa Mnyambe," nikamwambia. "Na huo ukurasa nimeutengeneza mimi."

Ukumbi mzima ukacheka, wakidhani mzee analeta utani. Kijana akaomba maswali yawe ya kitaalamu. Na bosi wangu, aliyeniona nikizichora, akainamia mkoba wake kama anatafuta kalamu. Ndipo nilipowakumbuka wale wageni kwenye mkeka wako. Nimewavunjia heshima ili nije nikae hapa, nichekwe mimi pamoja na bibi yangu.

Wakati wa chai yule mama wa Morogoro akanifuata. Akasema ananiamini, lakini mbona ukurasa wangu mzito kama gunia la mihogo? Akanichorea kwenye karatasi jinsi ya kuzipunguza uzito zile picha za chale, ukurasa ufunguke upesi. Kikombe kimoja cha chai kilinifunza mengi kuliko zile siku tatu.

Kwa hiyo Somoe, anayeuliza kama aache darasa lake la kompyuta Masasi wiki nzima aende kwenye kongamano la namna hii Mtwara, mwambie hivi: kama kuna kazi imemshinda na kule yupo mtu anayeiweza, aende, akae karibu na huyo mtu. Kama anafuata cheti, asihangaike. Nitamletea changu, afute jina tu.

Sasa bosi ananitaka tena kwenye jingine, wiki hii inayoanza kesho. Nimemwambia atafute mwingine wa kwenda kukoroma. Amenuna. Na anune. Tiketi ya basi la Alhamisi ninayo mfukoni.

Nisalimie mama mkubwa, mwambie ugoro wake nimeununua. Shemeji nampelekea ile fulana, atapalilia nayo. Mchumba mtu simsalimii, bado sijamkubali.

Barua hii inakuja na basi la kesho, kwa hiyo watu wa Makote watumie habari, waje Jumamosi. Athumani naye mpe salamu nyingi, ila mkekani asikae.

Mdogo wako,
Selemani,
mjomba wake Somoe