Gitaa Linanishika, na Dada Anang'arisha Mrashi

Bi Saandia, mshauri wetu mpendwa, baada ya salamu nyingi naomba unisaidie, na usishangae kupata barua ya Kiswahili kutoka Moroni, maana Kiswahili nilikipata Unguja miaka niliyokuwa fundi wa baiskeli, shule sikukaa sana, walimu wenyewe walisema nimekwisha jua.

Mimi ndiye Mouzaoir mpiga gitaa la umeme, ukiuliza hapa utaonyeshwa. Tangu waje hawa wazungu, askari wa kukodiwa, pamoja na bunduki zao mwaka 1978, mimi huwapigia muziki hotelini, katika ukumbi wenye zulia la nailoni na mashine ya baridi, na humo nikitembea na shati langu la nailoni kisha nikagusa nyuzi, tap! cheche. Siku moja mmoja wao, jitu lenye shingo ya fahali, alinipa mkono, cheche ikamrukia, akaanguka na kiti na bastola yake, wenzake wakaingia chini ya meza. Basi toka Ntsoudjini hadi Vouvouni watu wakaniita Mjomba Umeme, nami nikawaambia ni kweli, umeme na mimi tumeelewana.

Sasa lililonileta kwako. Mpwa wangu Djaouharia, binti wa dada yangu Kalathoumi, anaolewa Mutsamudu, kisiwa cha jirani, mwezi ujao, na usiku wa taarabu asipopiga mjomba wake ni aibu ya ukoo. Kuna mzungu aliyeondoka akaniachia kikuza sauti kikubwa kama kabati, nikakifungua mwenyewe, nikakuta waya tatu, mbili zinafanya kazi na moja ya kijani na manjano haifanyi chochote, imefungwa tu kwenye sanduku la chuma, nikaikata, mimi sipendi kitu kivivu. Nikakipakia melini, makuli wa Mutsamudu wakakishusha huku wanaugulia, tukaenda kufanya mazoezi uwanjani, saruji imelowa mvua, viatu tumevua kwa heshima ya mikeka. Bi Saandia, nyuzi hazikusema tap. Zilinishika. Vidole vikafumba vyenyewe, mkono ukanguruma mpaka begani, na midomo ilipogusa maikrofoni nikapigwa hadi kwenye meno, nikaangukia ngoma ya mwenzangu Toihir.

Toihir akacheka: "Vipi Mjomba Umeme, leo mmegombana?"

Nikamwambia, "Nyamaza wewe, nilikuwa naupima."

Na dada yangu, ambaye hakuwapo, kaniambia jioni ile, "Kaka, mrashi wa mama nimekwisha ung'arisha. Nitapanda jukwaani mwenyewe nikurashie mbele ya Mutsamudu nzima." Kwetu hiyo ndiyo heshima ya mpigaji, anarashiwa kichwa, mikono, mpaka nyuzi zinachuruzika marashi. Wengine wanasema mzungu kaacha jini ndani ya kabati, wengine wanasema hasidi. Nifanye nini umeme unitii kama zamani, nisionekane mwoga mbele ya wakwe?

Mouzaoir, Moroni

JIBU

Mjomba Mouzaoir, pole kwa mkono. Ya bastola na meza nayaacha huko huko hotelini. Nimemuuliza fundi kabla ya kukujibu, na jini hakumtaja.

Umechanganya mambo mawili. Ile tap ya Moroni ilitoka kwenye nailoni iliyosuguana na nailoni katika hewa kavu ya mashine ya baridi. Hudonoa mara moja ikaisha. Vaa shati la pamba, gusa bawaba ya mlango kabla ya kugusa nyuzi, basi. Kilichokushika Mutsamudu kinatoka ukutani, na hicho huua. Umeme haukukutii kule, wala haukukuasi huku. Waya uliouita mvivu ndio uliokuwa mlinzi: umeme ukivuja ndani ya sanduku, hupita humo ukashuka ardhini. Umemfukuza mlinzi, kisha ukaishika zamu yake wewe mwenyewe, miguu peku, juu ya saruji iliyolowa. Halafu unaniuliza nani hasidi!

Wewe unaogopa kuitwa mwoga. Mimi namwogopea Kalathoumi. Mrashi ni wa chuma, mkono wake utakuwa umelowa, naye atapanda peku kama ninyi. Akikugusa wakati umeshikwa, umeme utapita kwako uingie kwake. Wewe ulipata ngoma ya kuangukia. Yeye ana nini? Je, umekwisha fikiri Djaouharia ataikumbuka vipi siku yake?

Kabati hilo lisichomekwe tena, na usilifungue. Mtafute fundi wa umeme huko Mutsamudu, aurudishe ule waya, atafute panapovuja, apime kama soketi ya uwanjani ina waya unaoshuka ardhini kweli, na gitaa na maikrofoni vyote vipate umeme hapo hapo. Mwambie waziwazi kwamba uliukata wewe, asipoteze siku kutafuta. Vaeni viatu vya mpira, mikeka muwaachie wageni. Fundi akisema bado, umeme usiingie jukwaani, na Toihir acheke anavyotaka. Bora akucheke kuliko akulilie.

Hata akisema tayari, marashi na umeme visikutane. Nimesikia kwenu kuna gabusi, lile la mbao na nyuzi, na mpigaji wa sifa zako hawezi kukosa kulijua. Dada yako akianza kupanda, chomoa plagi, weka gitaa mbali, pakata gabusi. Hilo halina waya hata mmoja. Mpigie, naye akurashie mpaka ulowe.

Saandia