Hewa Kwenye Filta ya Dizeli

Baba Watoto,

Chakula kimo kwenye sufuria, kipashe mwenyewe. Pikapu usiitafute, ninayo mimi.

Jana ulipokuwa unabadilisha filta ya dizeli nilikuambia utoe hewa kabla hujawasha. Ukamgeukia shemeji, mkacheka: "Kumbe nimeoa fundi!" Leo asubuhi pikapu ikazima getini, na binti yako ana mtihani. Ukasema filta ni feki, ukapanda pikipiki ya shemeji, ukaenda zako kazini. Mtoto akabaki analia.

Nililegeza skrubu ya hewa, nikaminya pampu ya mkono mpaka povu likaisha na dizeli ikatoka safi. Dakika kumi tu! Nimemfikisha wenzake wakiwa ukurasa wa pili.

Blauzi yangu yenye dizeli iko kwenye ndoo. Usiichanganye na nguo za watoto.

~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi hasira zikipoa.

Jirani aliuliza nani kaitengeneza pikapu. Nikajikuta namjibu, kwa mazoea tu, "Mume wangu." Hilo limeniuma kuliko kicheko chenu.

Mama Watoto